Wekeni Chini Kazi, Mfalme Anapita

Roma, siku ya kwanza ya Novemba, mwaka wa sita tangu wafalme waondoke

Mdogo wangu Vopisko,

Kwa heshima zote, mbele ya miungu ya mlangoni na ile midogo ya kabatini, ninatangaza kwamba kuanzia leo mimi, kaka yako Opiteri, siruhusiwi kumwona mtu yeyote akipalilia vitunguu.

Si vitunguu tu. Hata kufinyanga, kushona viatu, kuchonga mpini wa jembe. Siku ya ibada nikitoka nje natanguliwa na Prokulo, yule mwenye sauti kama lango bovu, naye anapaza, "Wekeni chini kazi, mfalme anapita." Watu wanaweka chini kazi. Wananitazama kama ng'ombe aliyeingia shambani. Nikishapita wanaokota vifaa vyao huku wakisema maneno ninayoyasikia vizuri sana, maana masikio yangu bado hayajazeeka kama magoti.

Lakini nimekimbilia habari kabla ya salamu. Hujambo? Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, anakohoa asubuhi na kuligombeza jiko. Shemeji yako Numisia anakusalimu. Magoti yangu hayamsalimu mtu.

Sasa nikueleze, maana najua hapo Tuskulo umeshaweka chini kibao hiki cha barua unacheka. Ndiyo, nimesema mfalme. Tulipomfukuza yule mzee wako, mfalme wa mwisho, tuliapa kwamba mji huu hautakuwa na mfalme tena. Kiapo kizuri, nilikuwepo, nilipiga makofi. Baadaye ikaonekana kuna sadaka ambazo tangu mji uanze zilikuwa zinatolewa na mfalme kwa mkono wake, na miungu haijaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Nani aende kuiambia? Wazee wa baraza wakakaa siku tatu wakatoka na jibu: atafutwe mtu aitwe mfalme, achinje, asome dua, arudi nyumbani kwake. Asishike cheo kingine. Asiongoze jeshi. Asiseme neno mbele ya mkutano wa watu, ila kutangaza sikukuu za mwezi. Aliyekuwa na kazi hiyo amefariki mwezi uliopita, wakamtafuta mwingine.

Masharti ni mawili. Kwanza, wazazi wake wawe walioana kwa kula mkate wa ngano mbele ya kuhani. Pili, awe mtu ambaye hakuna atakayemfuata hata akisema nyumba inaungua. Walipofika sharti la pili, naambiwa, baraza zima lilitaja jina langu kwa pamoja. Hawajawahi kukubaliana hivyo juu ya jambo lolote.

Tena kuna mbio. Kila mwaka, siku ya sita kabla ya Machi, nikishachinja pale uwanjani natakiwa nikimbie hadi nitokomee, ili watu wakumbuke namna mfalme alivyotoka. Mwenzangu aliyetangulia alikuwa na magoti mazuri.

Jambo lako sijalisahau. Orodha ya waliofukuzwa pamoja na mzee imo ndani ya sanduku hekaluni, na sheria haijabadilika: aliye kwenye orodha akirudi bila ruhusa, ni shoka. Nitaomba ufutwe. Mama kila nikilitaja hili anasema, "Nani alimfukuza? Aliondoka na farasi." Uzee huo.

Kaka yako,
Opiteri


Tuskulo, katikati ya Novemba

Kaka Opiteri, mfalme wa vitunguu visivyopaliliwa,

Shikamoo. Niko salama, isipokuwa mgongo, na huo nao ni kwa sababu ya mizabibu ya mwenyeji wangu, ambaye kwa bahati mbaya halazimiki kuweka chini kazi kwa ajili ya mtu yeyote. Natumaini Mama na shemeji wako vizuri. Mwambie shemeji simwiti malkia hata akinipikia.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka mpaka mbwa wa hapa wakabweka. Sisi tuliobaki huku tunakufa kwa kiu ya mfalme, na ninyi mnaye, mmemweka nyumbani kwetu, anakohoa na kulalamika magoti.

Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Mzee alikwishahamia kusini, Kume, akaenda na wale wanaomwamini bado. Farasi naye akaenda. Unajua kaka, kwa miaka yote hii watu wananiuliza kwa nini nilimfuata mfalme, na sijawahi kumjibu mtu ukweli. Jioni ile lango lilipofungwa nyuma yetu, mimi nilikuwa nimeshika hatamu. Ilikuwa zamu yangu ya kumshikia farasi. Mzee alipanda, farasi akaondoka, mimi nikawa bado nimeshika. Tulipofika mji wa Gabii ndipo nilipofikiri. Sikumfuata mfalme. Nilimfuata farasi.

Sitaki cheo, sitaki shamba. Nataka nikae pale karibu na jiko la Mama, anipe uji wa ngano wenye maharage, aniambie nimekonda. Ana miaka mingapi sasa, sabini? Nilimwacha akiwa bado anabeba maji mwenyewe. Fanya haraka kaka, maana mimi nimechoka kusubiri, na naogopa yeye atachoka kabla yangu.

Mdogo wako,
Vopisko


Roma, Desemba, baada ya sikukuu za kupanda

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumba iliyojaa moshi. Mimi sijambo, Numisia hajambo, Mama anakohoa mchana pia sasa, ila bado ana nguvu za kunigombeza.

Ombi lako nimelipeleka. Kwa kuwa siruhusiwi kusema mbele ya watu, niliandika kwenye ubao mweupe, kwa herufi kubwa: "Opiteri anaomba ndugu yake Vopisko, aliyefukuzwa pamoja na mfalme, afutwe kwenye orodha na arudi nyumbani." Numisia alisema herufi zimepinda. Nikamwambia mwombaji hatakiwi kunyooka sana.

Nikawapelekea wakuu. Hujawahi kuona wakuu wetu wa siku hizi, ngoja nikusimulie. Zamani alikuwa mmoja, akatuonea. Kwa hiyo tukaweka wawili, wa mwaka mmoja tu, wenye nguvu sawasawa, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake. Sasa hatuonewi. Wala hakuna kinachofanyika. Mwaka huu tunao Mamerko na Sertori. Mamerko alisoma ubao wangu, akasema, "Mimi sina neno, arudi." Sertori alikuwa anatafuna tini. Akameza, akasema, "Nazuia."

Nikamuuliza, "Ndugu yangu amekukosea nini?"

"Simjui," akasema. "Namjua Mamerko."

Nikaomba basi walau sanduku lifunguliwe, tuone umeandikwa kwa kosa gani, nipate pa kuanzia. Sanduku lina mihuri miwili, kila mkuu na wake, lazima waivunje pamoja, siku iliyo halali, na ndege waonekane upande mzuri. Siku ya kwanza Mamerko aliona kunguru upande mbaya. Siku ya pili kuku wa Sertori, wale wa kutazamia ishara, walikataa kula. Siku ya tatu walikula, Mamerko akasema wamekula kwa ulafi, hiyo nayo ni ishara.

Ubao wangu wameuweka hapo hekaluni, juu ya sanduku, usipotee. Kila anayeingia anausoma. Mjini sasa hakuna asiyejua kwamba ulifukuzwa.

Vumilia.

Kaka yako,
Opiteri


Tuskulo, siku chache baada ya kuanza kwa Februari

Kaka,

Shikamoo. Hali yangu ni ile ile, mgongo na mizabibu. Salamu zako zote nimezipata, na habari ya kuku nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Sisubiri kuku. Sikiliza. Siku ya sita kabla ya Machi mji mzima utakuwa uwanjani ukikutazama unakimbia. Walinzi wa malango nao, nani atakubali kukosa hilo? Nitaingia kwa lango la chini na wabeba vitunguu, nimejifunika kichwa, nitapita nyuma ya umati mpaka nyumbani. Nikae na Mama siku tatu. Kisha nitatoka hivyo hivyo. Hakuna atakayejua, isipokuwa wewe, na wewe huruhusiwi kusema.

Mdogo wako,
Vopisko


Roma, siku ya nane kabla ya Machi

Vopisko,

Hujambo na mambo mengine yote. Usije. Sertori ameweka watu kila lango kwa sababu Mamerko alisema haina haja. Nimempa kibao hiki mwenye punda na kumwahidi kondoo dume akifika kesho. Usije. Mama nitamtunza mimi.

Kaka yako


Shimo la wafungwa, chini ya kilima, mwanzoni mwa Machi, mwaka wa saba

Kaka, shikamoo,

Naandika kwa msumari kwenye kigae, mlinzi kakubali kukuletea kwa sababu anasema wewe ulimpa mapumziko ya mchana mzima wiki iliyopita. Kibao chako hakikunikuta. Nadhani mwenye punda sasa ana kondoo dume.

Mimi mzima, ila kuna maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Nimekula. Usimwambie Mama niko wapi.

Najua utakuwa umesikia mengi, basi sikia na yangu. Lango nilipita bila shida. Watu wa Sertori walikuwa juu ya ukuta wanakutazama wewe. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya uwanja, bado hatua mia mbili nione paa letu. Nikasema ngoja nimtazame kaka mara moja. Ukamchinja mbuzi, ukafuta kisu, ukakunja joho, ukaanza. Kaka, samahani. Nilikuwa nadhani utakimbia. Yule mama muuza dengu akakupigia kelele, "Kaza mwendo, babu, yule wa kweli aliondoka kabla dengu hazijachemka." Na wewe, katikati ya mbio, ukasimama, ukamgeukia, ukamwambia, "Yeye alikuwa na farasi."

Nikacheka.

Unajua kicheko changu. Shangazi alikuwa anasema kinafanana na punda aliyekanyagwa. Nusu ya mji wanakijua tangu nikiwa mdogo. Kaeso mfinyanzi akageuka akasema, "Ah, huyu si yule anayeombewa msamaha?" Hakuwa na nia mbaya. Alifurahi kuniona, alinikumbatia, na akiwa bado amenikumbatia ndipo wabeba shoka walipofika.

Wanasema hukumu ni mwezi huu huu. Nisamehe.

Mdogo wako,
Vopisko


Roma, siku ya kumi na moja kabla ya Aprili, ndani ya mkate

Mdogo wangu,

Salamu. Ukiuma kitu kigumu ni hiki kigae, si meno yako.

Mama hajui. Anauliza kelele za siku ile zilikuwa za nini, nimemwambia watu walifurahia mbio zangu. Ameamini, jambo linalonionyesha amezeeka kweli. Kifua kinamsumbua, siku hizi halali mpaka aegemee ukuta.

Sasa sikiliza vizuri. Kesi yako ni siku ya tisa kabla ya Aprili, keshokutwa. Siku hiyo imewekewa mwiko wa zamani: hakuna mkuu wala mwamuzi anayeruhusiwa kufungua kinywa mpaka mfalme amalize sadaka na dua pale uwanjani. Nikishasema neno la mwisho, ndipo siku inakuwa halali, na wao wanaanza. Wataleta sanduku, watavunja mihuri yote miwili, safari hii wamekubaliana, Mamerko amechoka. Karani atasoma jina lako kwenye orodha mbele ya watu. Baada ya hapo ni shoka.

Lakini ile dua ni ndefu, ya Kilatini cha mababu wa mababu, hata mimi nusu yake siielewi. Na mfalme akikosea neno moja, akikohoa, akirudia silabi, panya akilia, yote yamebatilika. Analetwa kondoo mwingine, tunaanza upya.

Umenielewa. Sina cheo, sina jeshi, mbele ya watu sina sauti. Nina ulimi unaoweza kukwama. Nitakwama mpaka jua lizame. Mwaka wa Mamerko na Sertori unaisha siku tatu baadaye, na kesi ambayo haikuanza kwa wakuu hawa haihamii kwa wakuu wale. Inafunguliwa upya kabisa, na kuku wapya.

Jina lako halitasomwa siku hiyo. Nakuapia.

Kaka yako,
Opiteri


Tuskulo, siku ya sita kabla ya Aprili

Kaka, shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti, kwa heshima ya magoti yako,

Niko Tuskulo. Nimefika jana, nimelala mpaka leo adhuhuri. Najua umeshaona shimo tupu, na najua hujui ilikuwaje.

Asubuhi nilimsikia Prokulo kwa mbali. Walinzi wangu watatu wakaweka mikuki chini. Wewe ukaanza, ukakosea, nikasikia watu wanaguna. Ukaja kuchukua kondoo mwingine zizini, na zizi liko pale chini ya kilima, lazima upite mlangoni kwangu. "Wekeni chini kazi, mfalme anapita." Wakaweka chini. Ukarudi na kondoo: "Wekeni chini kazi." Wakaweka chini. Wamejiinamia kuokota mikuki, huyo unakuja tena. Mara ya tatu mmoja akasema, "Mimi hii mikuki siiokoti tena, kiuno kimeniuma." Wawili wakaenda kukaa kivulini kwa muuza dengu.

Ngazi ilikuwa imeegemezwa palepale walipoishusha kuniletea mkate. Kuitoa ni kazi.

Nikapanda. Juu nikamkuta yule wa tatu amekaa kwenye jiwe, ametuliza mikono mapajani. Tukatazamana. Nikasikia sauti ya Prokulo bado iko njiani. Akasema, "Siruhusiwi kufanya lolote mpaka apite." Kisha akafumba macho. Sijui jina lake.

Nilipitia nyumbani. Nisingeweza kutopita. Mama alikuwa ameegemea ukuta anamenya maharage. Hakushangaa. "Umekonda," akasema. Akanipa uji. Nilikula bakuli mbili nikiwa nimesimama. Akaniuliza, "Nani alikufukuza wewe?"

"Baraza, Mama."

"Baraza gani? Kama umeshiba, kalete kuni."

Nikamwambia nakwenda kuleta. Nikatokea nyuma ya mazizi, mpaka lango la chini. Kwa mbali nikasikia watu wanaguna tena, nikajua umekosea tena. Ulikuwa kwenye kondoo wa nne. Nilitamani kurudi nikuambie unaweza kuacha.

Mdogo wako,
Vopisko


Roma, mwanzoni mwa Aprili

Mdogo wangu,

Nimeshukuru kujua uko salama. Mimi si mgonjwa, ila sauti imekwenda, natangaza sikukuu kama chura. Shemeji yako ananisemea.

Kondoo tisa, Vopisko. Ulipotoka nilikuwa kwenye wa nne, kwa hiyo watano walikufa kwa ajili ya shimo lisilo na mtu. Mara ya kwanza nilikosea kwa ustadi, nilimeza herufi moja tu. Mara ya sita sikuwa nakosea tena kwa makusudi, nilikuwa nimechoka, maneno yanaanguka yenyewe. Udongo wa Kaeso ulikaukia kwenye gurudumu. Mikate ya mtaa mzima ilichacha. Muuza dengu alinikaribia akaninong'oneza, "Babu, kama ni kufa, kufa tu, tuendelee na siku." Sertori alikaa kwenye kiti chake mdomo umefungwa, anatoka jasho, hawezi hata kutukana kabla sijamaliza. Hilo nitalikumbuka nikiwa na huzuni.

Jua lilipozama wakaenda shimoni na mienge. Walikuta ngazi na ganda la mkate.

Sanduku lilirudishwa hekaluni na mihuri yake mizima, na ubao wangu juu yake. Wameingia wakuu wapya, mtu na binamu yake. Usirudi. Kesi yako haijasikilizwa, kwa hiyo kwa sheria wewe bado umefukuzwa, na sasa umetoroka pia.

Mama hatoki kitandani. Anaulizia kuni. Nikimpelekea mimi anasema si hizo, za Vopisko.

Kaka yako,
Opiteri


Roma, siku ya tatu ya Mei

Vopisko,

Natumaini kibao hiki kinakukuta mzima na umekaa.

Mama ametutoka jana alfajiri. Hakuteseka sana, kifua kilijaa, akalala. Numisia alikuwa naye, mimi nilikuwa nafungua mlango wa nyuma ili apate hewa. Keshokutwa tunauchoma mwili wake nje ya lango la chini.

Usije. Nakuomba kama kaka na kama mtu asiye na kondoo wengine. Watu wa lango wameagizwa. Nitakuwakilisha mimi. Mbele ya watu sitaweza kusema chochote, lakini mwana mmoja atakuwepo.

Kaka yako


Tuskulo, Mei

Kaka,

Shikamoo. Pole, nawe nipe pole.

Siku ile nilipanda mlimani nikatazama upande wenu. Hakukuwa na ukungu. Nilihesabu mioshi kumi na mmoja. Sikujua wake ni upi, kwa hiyo nilikaa mpaka yote ikaisha.

Mwenyeji aliniuliza kwa nini sifanyi kazi. Nikamwambia mfalme anapita.

Mdogo wako


Roma, siku ya nane kabla ya Juni

Mdogo wangu Vopisko,

Hujambo? Mimi niko, sauti imerudi, magoti yale yale. Numisia anakusalimu.

Jana ilikuwa tena moja ya zile siku ambazo wakuu wananyamaza mpaka mfalme amalize. Hakukuwa na kesi yako. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa mpambe wa mfalme aliyefukuzwa, wanawe wanamwombea arudi. Nilisimama pale nikiwa sijalala siku nyingi, na sikuwa na sababu yoyote ya kukwama. Nilisoma dua yote bila kukosea hata silabi moja, kondoo mmoja tu. Prokulo anasema hajawahi kusikia ikisomwa vizuri hivyo. Kabla ya adhuhuri siku ilikuwa halali.

Wale wakuu wapya, kwa kuwa ni mtu na binamu yake, walileta sanduku wakavunja mihuri pamoja bila ubishi. Ubao wangu waliushusha wakauegemeza kwenye ngazi. Karani akaisoma orodha mbele ya watu tangu juu hadi chini, kama ambavyo angeisoma mwezi Machi, mchana ule ule, wewe ukiwa shimoni na Mama akimenya maharage, kama nisingekuwa hodari wa kukosea.

Nilimfanyia ishara asome tena. Akasoma tena, polepole, kama anamsomea kiziwi. Nikanyoosha mkono, akanipa. Nilipitisha kidole kwenye kila mstari.

Mkuu mmoja akautazama ubao wangu, akanitazama mimi. Akauliza, "Mzee Opiteri, wewe nani alikuambia ndugu yako alifukuzwa?"

Siruhusiwi kusema mbele ya mkutano. Nilishukuru kwa hilo. Watu walisubiri, kisha wakachoka, wakaenda kwenye kazi zao. Swali lenyewe nililisikia kwa Mama jikoni kwetu miaka yote hii, na sikumjibu hata yeye.

Njoo kwa lango unalotaka. Kuni zipo. Orodha ina majina kumi na tisa. Lako halimo.

Kaka yako,
Opiteri